Ngozi huzeeka mara mbili: umri, jua la Dar na mkorogo

Ukipita maduka ya vipodozi ya Kariakoo siku hizi, au ukifungua simu tu na kutazama matangazo, utauziwa ujana kwa kila namna. Kuna kolajeni ya unga ya kukoroga kwenye maji, kuna seramu za vitamini C, kuna sindano za kung'arisha, kuna krimu zenye boksi la maandishi ambayo hata muuzaji hawezi kuyasoma. Jirani anakwambia unywe maji mengi. Shangazi anakwambia achana na hayo yote, paka mafuta ya nazi. Ukiulizia mafuta ya kukinga jua, unajibiwa kwamba hayo ni ya wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Sisi wengine tumeshapewa rangi.

Katika maneno hayo mna kweli na mna uongo, na vimechanganyika kiasi kwamba mtu anatoa mshahara wake kununua kinachomzeesha. Naandika kwa sababu naona watu wa rika zote jijini, kina mama, kina dada na siku hizi vijana wa kiume pia, wakiiharibu ngozi nzuri huku wakidhani wanaiokoa.

Shuka na sponji

Tuanze na ngozi yenyewe. Ina matabaka matatu. La juu kabisa ni epidemisi, ambalo sehemu nyingi za mwili ni jembamba mno, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Seli zake huzaliwa chini, hupanda taratibu, hufika juu zikiwa zimekufa, kisha hubanduka bila wewe kujua. Kwa kijana safari hiyo huchukua kama wiki nne. Humo ndimo pia inamokaa melanini, ile rangi inayotufanya tuwe weusi au maji ya kunde.

Chini yake ni demisi. Hapa ndipo penye nyuzi za kolajeni, zinazoipa ngozi uimara, na nyuzi za elastini, zinazoifanya irudi mahali pake ukiivuta. Chini kabisa ni tabaka la mafuta, linaloyajaza mashavu na kuifanya sura iwe ya mviringo.

Fikiria godoro lililotandikwa shuka. Epidemisi ndiyo shuka, demisi ndiyo sponji. Shuka unaweza kulifua, ukalipiga pasi, ukalinyunyizia marashi, likapendeza. Lakini kama sponji limebonyea, shimo litabaki palepale hata ukitandika shuka la hariri. Sehemu kubwa ya vinavyouzwa kwenye chupa hushughulika na shuka. Ngozi kavu ikapata unyevu, ikang'aa, vistari vyembamba vikajificha kwa siku nzima, na hilo ni jambo zuri. Ila mikunjo mirefu na mashavu yanayoshuka ni habari ya sponji, na ni vitu vichache sana vinavyofika huko.

Kuzeeka kwa umri

Kuna uzee ambao hakuna awezaye kuukwepa. Kuanzia miaka ya ishirini na kitu, kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Seli za juu huchelewa kubadilishana, mafuta ya asili hupungua, ngozi inakauka na kuwa nyembamba. Baadaye hata mifupa ya uso na yale mafuta ya mashavuni hupungua, na ngozi inakosa cha kuegemea.

Kwa wanawake kuna hatua moja isiyozungumzwa vya kutosha. Hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni hushuka, na katika miaka mitano ya kwanza ngozi inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Mama wa miaka hamsini na kitu anashangaa mwaka huu ngozi imelegea ghafla, anaanza kulaumu sabuni aliyobadilisha au maji ya kisima. Hajakosea kuona mabadiliko. Yapo, ila chanzo chake kiko ndani ya mwili.

Ukitaka kuona uzee wa umri ulivyo peke yake, tazama ngozi ya mkono upande wa ndani, karibu na kwapa. Kisha tazama mgongo wa kiganja chako. Ngozi ni ya mtu yuleyule, ina umri uleule, lakini ukishapita miaka arobaini hazifanani tena. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo imeletwa na jua.

Jua, na deni la rangi yetu

Jua hutuma mionzi isiyoonekana inayoitwa altravioleti. Inayotufikia ni ya aina mbili. Aina ya B huishia zaidi kwenye tabaka la juu na ndiyo inayobabua ngozi. Aina ya A huzama mpaka kwenye demisi. Huko huamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, na mwili ukijaribu kuzirudishia nyuzi zilizokatika, haurudishi zote. Hasara ni ndogo kwa siku moja. Kwa miaka thelathini, si ndogo.

Aina hii ya A hupita kwenye kioo cha kawaida cha dirisha. Mwaka 2012 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha picha ya dereva wa lori la kusambaza bidhaa, mzee wa miaka 69, aliyekuwa ameendesha kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa na mikunjo mizito na ngozi iliyokuwa nene. Upande wa kulia ulionekana wa mtu mdogo kwa miaka mingi. Kule usukani uko kushoto. Kwetu uko kulia, kwa hiyo dereva wa daladala au wa teksi wa hapa shavu lake la kulia na mkono wake wa kulia ndivyo vinavyolipa.

Na jua letu si la kubahatisha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Kipimo cha ukali wa altravioleti kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani kinahesabu 11 na kuendelea kuwa ni hatari iliyokithiri, na miezi mingi ya mwaka adhuhuri yetu hufika huko. Kipupwe cha Juni na Julai hupunguza joto, upepo wa bahari unapoza mwili, lakini mionzi bado ni mikali. Joto na altravioleti ni vitu viwili tofauti, na ngozi haina namna ya kuihisi altravioleti mpaka imeshaungua.

Sasa tuje kwenye hoja ya rangi, kwa sababu ndiyo inayotudanganya kuliko zote. Ni kweli kabisa kwamba melanini ni kinga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulipima ni mionzi kiasi gani inayopenya epidemisi. Kwa watu weusi ilipenya karibu asilimia 7 ya aina ya B, kwa wazungu asilimia 24. Aina ya A ilipenya karibu asilimia 17 kwa weusi na asilimia 55 kwa wazungu. Kinga ya ngozi nyeusi ilikadiriwa kuwa sawa na SPF 13 hivi, SPF ikiwa ni ile namba ya nguvu ya kinga inayoandikwa kwenye mafuta ya kukinga jua. Ya ngozi nyeupe, 3 tu.

Soma namba hizo tena taratibu. Rangi yetu inafanya kazi kubwa sana bure, mchana kutwa, bila kupakwa upya. Lakini kinga ya 13 chini ya jua la Dar ina mwisho wake, na asilimia 17 ya mionzi inayokata kolajeni inapita kila siku kwa anayeuza samaki Feri, kwa bodaboda, kwa mama lishe na kwa machinga anayezunguka juani.

Kinachotuchanganya zaidi ni kwamba ngozi nyeusi huzeeka kwa dalili zake. Mikunjo myembamba huja kwa kuchelewa, mara nyingi miaka kumi hivi nyuma ya wazungu. Kinachotangulia ni rangi kukosa usawa: mabaka mashavuni na kwenye paji la uso, weusi kuzunguka macho, makovu ya chunusi yasiyofutika. Kwa wengi hufuata vile vinundu vidogo vyeusi vya mashavuni, ambavyo kwa kawaida havina madhara, na shavu la kati linaanza kushuka. Mtu anajitazama kwenye kioo akitafuta mikunjo, haioni, anahitimisha kuwa jua halimfanyi kitu. Wakati huohuo anahangaika na mabaka ambayo ni kazi ya jua hilohilo.

Hapo ndipo anapoingia dukani kutafuta dawa ya mabaka, na hapo ndipo anapokutana na mkorogo.

Mkorogo unavyozeesha

Mkorogo ni krimu za kung'arisha zilizochanganywa, na mara nyingi mpakaji hajui kilichomo. Vinavyopatikana humo kwa kawaida ni vitatu: zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali. Kwa njia tofauti, vyote vinazuia ngozi isitengeneze melanini.

Wiki mbili za kwanza matokeo huwa mazuri, na lazima tuliseme hilo, maana bila kulielewa hatutaelewa kwa nini watu wenye akili zao wanaendelea. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kutuliza uvimbe wowote. Chunusi zinanywea, uso unakuwa laini, rangi inaanza kufunguka. Dada aliyeambiwa dukani "wiki mbili tu utakuja kunishukuru" anarudi kweli kushukuru, tena na rafiki yake.

Kisha steroidi inashuka kwenye demisi. Kazi yake nyingine ni kuzizuia seli zinazotengeneza kolajeni. Kwa hiyo jambo ambalo umri hulifanya kwa asilimia 1 kwa mwaka, mkorogo hulifanya kwa miezi. Ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Michirizi inatokea mapajani na mikononi. Chunusi zinarudi zikiwa nyingi zaidi, vinyweleo vinaota kidevuni, kidonda kidogo kinakawia kupona, na ikitokea upasuaji daktari hupata taabu kuishona ngozi hiyo.

Haidrokwinoni nayo, ikipakwa kwa muda mrefu bila usimamizi, inaweza kugeuka. Badala ya kung'arisha, inaleta mabaka ya weusi wenye ubluu, hasa mashavuni, ambayo ni magumu mno kuyatoa. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza tatizo hilo mwaka 1975 kwa wanawake waliokuwa wakitumia krimu za aina hiyo, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi. Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote kwa mwili mzima: huharibu figo na mishipa ya fahamu, humfikia mtoto tumboni, na huweza kuwafikia wa nyumbani kupitia taulo na mashuka. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, Tanzania ikiwamo, zimekubaliana kuiondoa kwenye vipodozi. Hapa nchini, tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na krimu za namna hii haziruhusiwi kuuzwa. Zinaendelea kupita kwa magendo kwa sababu sisi tunaendelea kuzinunua.

Halafu tuweke mambo mawili pamoja. Mtu ameondoa melanini iliyokuwa ikimpa kinga ya 13, ameikondesha demisi kwa steroidi, kisha anatoka kwenda kupanda daladala saa saba mchana Machi. Hakuna krimu ya kuzuia uzee yenye nguvu kama rangi aliyolipa pesa kuifuta. Watu wenye ualbino, ambao wamezaliwa bila kinga hiyo, wanajua gharama yake: ngozi zao huzeeka na kupata saratani wakiwa vijana kabisa wasipolindwa. Ndiyo maana kule hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza mafuta maalumu ya kuwakinga, yanayoitwa Kilisun. Inauma kuona mmoja anahangaika kuitafuta kinga na mwingine anaitupa.

Kama umekuwa ukitumia mkorogo na unataka kuacha, usiache kimyakimya halafu ukashtuka. Baada ya matumizi marefu ya steroidi kali, uso unaweza kuwaka, kuvimba na kujaa vipele kwa wiki kadhaa. Wengi hudhani ngozi "imekataa" kuacha, wakarudia. Ni mwili unajirekebisha. Daktari wa ngozi anaweza kukupunguzia taratibu na kukupa dawa za kutuliza. Na steroidi zenyewe si adui zikiwa mikononi mwa daktari. Mtoto mwenye pumu ya ngozi huzihitaji, kwa kipimo na kwa siku zilizohesabiwa.

Kolajeni ya unga, supu ya makongoro na maji

Kolajeni ukiila haiendi moja kwa moja shavuni. Tumbo huivunja kuwa vipande vidogo, kama linavyovunja maharage na dagaa, kisha mwili unavipeleka unakotaka. Zipo tafiti zinazoonyesha nafuu kidogo ya unyevu wa ngozi kwa watumiaji wa unga huo, lakini nyingi zimegharamiwa na wauzaji wenyewe. Supu ya makongoro ina kolajeni ya kutosha na ni chakula kitamu cha asubuhi. Inywe kwa utamu wake. Kinachohitajika kweli ili mwili utengeneze kolajeni yake ni protini na vitamini C, na vitamini C iko kwenye mapera, machungwa, maembe na ubuyu kwa bei ya genge.

Maji yanywe, joto la Dar linayadai. Ila kama hujaishiwa maji mwilini, glasi ya ziada haifiki kwenye ukavu wa ngozi, kwa sababu ngozi hukaukia juu, pale mafuta yake yanapokosekana. Anayekaa ofisi yenye kiyoyozi kutwa anajua hili, hata akiwa na chupa mezani.

Mafuta ya nazi yanalainisha vizuri, hasa miguu na mikono. Wenye chunusi wasiyapake usoni, huziba vitundu vya ngozi. Na hayakingi jua kwa kiasi cha kutegemea. Liwa na singo ni urithi mzuri wa pwani na sina ugomvi navyo. Kusugua kwa upole hutoa seli zilizokufa. Ugomvi wangu ni na dodoki gumu la kila siku na sabuni ya mche usoni. Ngozi ina uchachu kidogo unaoilinda, sabuni za kufulia zina magadi yanayouondoa, na msuguo kwenye ngozi nyeusi huacha weusi. Mtu anasugua ili kutakata, anazidi kuwa na madoa.

Kinachosaidia

Cha kwanza ni kivuli. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na hasa kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ni mikali. Mwavuli, kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, khanga begani: bibi zetu walivijua hivi, na hakuna krimu inayovishinda kwa bei.

Cha pili ni mafuta ya kukinga jua kwa sehemu zinazobaki wazi. Chagua SPF 30 yenye kukinga aina zote mbili za mionzi. SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayobabua, 50 huzuia asilimia 98, kwa hiyo usilipie sana namba kubwa. Paka ya kutosha, mistari miwili iliyominywa kwenye urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Mwenye mabaka atafute yenye rangi ya ngozi, kwa kuwa mwanga wa kawaida unaoonekana nao huongeza mabaka kwetu, na ni zile zenye madini ya chuma zinazouzuia. Kwamba mafuta haya yanachelewesha uzee ni jambo lililopimwa: huko Nambour, Australia, watu zaidi ya 900 wa chini ya miaka 55 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu, na kwa waliopaka kila siku dalili za ngozi kuzeeka zilikuwa pungufu kwa asilimia 24 kuliko kwa wengine. Wengi wao walikuwa wazungu. Kwetu faida hiyo tuitarajie zaidi kwenye mabaka na usawa wa rangi.

Cha tatu ni kulainisha ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Mafuta ya mgando ya bei ndogo yanazuia maji yasitoke kwenye ngozi kuliko losheni nyingi za gharama.

Vinavyofika kwenye sponji ni vichache, na cha kutegemewa zaidi ni jamii ya vitamini A: retinoli ya dukani na tretinoini ya kuandikiwa na daktari. Vinachukua miezi, vinaanza kwa kukausha na kubandua, vinataka kupakwa usiku na jua likikingwa mchana. Mjamzito asiviguse. Na sigara iachwe, kwa sababu hubana mishipa inayolisha ngozi na kuvunja kolajeni kwa njia inayofanana sana na jua.

Wazee wetu nyumbani tuwaangalie kwa namna yao. Ngozi ya mzee huwasha kwa ukavu tu, hupata michubuko kwa kuguswa. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya upole kidogo, mafuta mara mbili kwa siku vinatosha kuondoa muwasho mwingi ambao familia huudhania ni mzio.

Kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi, kovu la zamani la moto linaloanza kuchimbika, doa jeusi linalokua kwenye unyayo au mstari mweusi unaopanuka chini ya kucha havisubiri krimu yoyote. Saratani mbaya ya ngozi kwa watu weusi hupenda nyayoni, mahali ambapo jua halifiki, kwa hiyo hata asiyetoka nje ajikague. Anza kwa hospitali ya karibu, wakupe rufaa kwa daktari wa ngozi Muhimbili au kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road. Na kama umewahi kutumia mkorogo, nenda na kopo lake. Daktari akijua ulichopaka, anajua pa kuanzia.